Ni Mkono wa Nani Unaopima Kuni?

Uvumilivu wangu uliisha nilipokuta maharage ya askari wa msitu yanatokota juu ya kidhibiti changu. Kidhibiti chenyewe ni gogo la mgunga, kavu, lililopinda kama goti la mbuzi. Jana yake alikuwa amelinyang'anya akisema linakwenda wilayani kama ushahidi. Kumbe wilaya ni mafiga matatu nyuma ya kibanda chake. Nilisimama pale, mwanangu mgongoni, moshi ukatupiga usoni, na harufu yake ikanirudisha utotoni kabla sijapata hata tusi la kumtupia.

Nyie mliokulia huku upande wa Hombolo mnanielewa: enzi zile kwenda kuni ilikuwa nusu kazi, nusu sherehe. Jumamosi, sare zikishafuliwa, tuliingia msituni kundi zima la wasichana, kanga kiunoni, ngata mkononi. Kabla ya kufika penye kuni tulikuwa tumeshacheza kombolela, tumeshakula matunda ya mikole, na mmoja ameshachomwa na mwiba anadai abebwe. Wakati wa kurudi hakuna aliyedai, maana kila kichwa kilikuwa na mzigo wake. Shuleni nako tulipeleka kuni za uji, na aliyeleta mabua alirudishwa nyumbani mbele ya paredi nzima.

Sheria ilikuwepo, msidhani tulikuwa wahuni. Ilikuwa sheria ya mama. "Ishike," alikuwa akisema. "Vidole vikikutana, ni yako. Visipokutana, waachie wakubwa." Unazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kuni, ncha zikigusana, unabeba. Mbichi hugusi kabisa, kwa sababu mama aliitambua kwa moshi tu, na hasira ya moshi ule ilimalizikia mgongoni mwako. Mimi nilikuwa na vidole vifupi, nikawa narudi na vijiti vya kuchokolea meno mpaka darasa la nne. Siku vidole vilipokutana kwenye kuni nene kama mchi, nilipita mbele ya nyumba za watu polepole makusudi, ili waone. Mama aliisukuma kuni yangu katikati ya mafiga, ikaivisha ugali wa uwele na mlenda, kisha majivu yake akayachuja kupata magadi ya mlenda wa kesho.

Sasa huyu askari. Nimemzidi miaka michache, lakini nitamwita kijana, maana kizazi chake kinajua kuwasha data kuliko kuwasha moto. Ubao uliopigiliwa kwenye njia ya msituni unaruhusu kuni kavu zilizoanguka, za matumizi ya nyumbani, mzigo mmoja wa kichwa, bila panga, zisizozidi unene wa mkono wa mtu. Nimefika kidato cha nne, nikauelewa. Panga sikuwa nalo. Nilikuwa na kamba na mtoto.

"Dada, hii imezidi," akasema, akilaza mkono wake sambamba na gogo langu.

"Imezidi mkono upi, mdogo wangu?"

"Mkono wa mtu. Si huu hapa?"

Nikautazama. Mkono kama mpini wa mwiko. Nikalaza wangu, huu unaosonga ugali kila siku, na gogo likaonekana jembamba.

"Na huu je? Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtuhumiwa, dada. Mtuhumiwa hajipimi."

Najua mtaniambia nipikie gesi. Mtungi ninao. Umekaa kwenye kona umefunikwa kitambaa kama mgeni rasmi, ukiisha mpaka mtu apande gari kwenda mjini. Gogo nene linashika kaa mpaka asubuhi, naamka napasha uji wa mtoto. Vijiti vya saizi ya mkono wa yule kijana vinaungua kama daftari, na maana yake ni mimi kurudi msituni kila siku ya Mungu na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana nilimfuata kibandani, nikayakuta yale maharage. Nikamuuliza kidhibiti kiko wapi.

"Kiko kwenye mchakato," akanijibu, akapunguza chumvi kwa kuongeza maji.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji nikiwa nafoka tangu mlangoni. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Mama Neema," akasema, "maneno ya hasira hayana pa kugonga mhuri. Andika." Nikaandika, akagonga, na nakala hii hapa:

*Yah: Gogo langu la mgunga.*

*Mimi ni mkazi wa kijiji hiki. Nalalamika kwamba askari wa msitu alikamata gogo langu kavu la matumizi ya nyumbani, kisha akalipikia maharage kibandani kwake. Naomba ubao uandikwe ni mkono wa nani unaopima. Nilipokuwa mtoto kila mmoja alipimiwa mkono wake, na aliyekua alibeba zaidi. Leo wanawake wote tunapimwa kwa mkono mmoja, na mwenye mkono huo ndiye anayekula maharage. Naomba pia gogo langu lirudishwe. Kama limekwisha, naomba majivu yake, yote, bila kupunguzwa. Mlenda wangu wa leo bado haujapata magadi.*