Kompyuta ya Kumtoa Mama Kivulini

Tobias alianza kazi ya kupiga picha wakati kamera Mbinga zikiwa za kuhesabika. Alizunguka kwa baiskeli kutoka Mkumbi hadi Namswea akifuata harusi na vipaimara, na filamu zake alizituma Songea kusafishwa. Nyuso za watu alizipiga mpaka akachoka. Ya mama yake mzazi, Mama Luisa, ikabaki moja tu. Kila alipomwelekezea kamera, mama alicheka: "Mimi nipo, mwanangu. Maliza wageni kwanza." Katika picha hiyo moja, ya kipaimara cha kitinda mimba wake, amesimama nyuma ya kundi, na kivuli cha mwavuli kimemfunika uso.

Mungu alimwita mama katikati ya msimu wa kahawa. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, ukoo ulitaka picha ya kuweka mbele ya altare. Fundi mmoja wa mjini akaiingiza ile ya kipaimara kwenye kompyuta, akamng'arisha mama mpaka akawa mtu mwingine. Mama mdogo Edina, aliyepanda kutoka Mbaha kule ziwani, aliitazama, akairudisha.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Ndipo ndugu walipokubaliana kwamba kahawa ya mwaka ule imnunulie Tobias kompyuta yake, amrekebishe mama kwa mkono wake.

Akaenda Songea, dukani kwa Mzee Masoudi, na sidii yenye ile picha mfukoni.

"Chukua hii," Masoudi alisema, akipangusa kioo chembamba, kipya. "Ndiyo wanayotaka wote sasa. Spika zake zinatikisa nyumba!"

"Mimi sitaki ngoma, mzee. Nataka uso wa mtu."

Picha ikafunguliwa. Tobias aliketi mbele, akapunguza kivuli kidogo. Mama akaanza kutokea. Nusura aseme, "Funga, nachukua." Ila mwili ulikuwa na mazoea yake. Utotoni, mama alimkataza kuchambua kahawa akiwa ameganda upande mmoja wa kichanja. "Zunguka," alimwambia. "Mbovu hujificha upande usiosimama." Basi Tobias akainuka, akazunguka.

Kutoka pembeni, uso wa mama ukageuka majivu.

Masoudi akacheka. "Nyie Wamatengo! Hata jogoo mnamkagua meno?"

"Kahawa ndiyo iliyotufundisha, mzee. Hebu niwashie na lile dude la kule."

Lile la kule lilikuwa kioo cha zamani, kinene na kizito. Tobias aliketi, akainama, akasimama kulia, akasimama kushoto. Mama alibaki yuleyule, mweusi wa kutulia, na kovu lake la moto shavuni likaonekana. Akafuta macho kwa kiganja.

"Hili," alisema. Masoudi hakutania tena. Alikifunga kioo kwa blanketi lake mwenyewe kisigongwe njiani.

Nyumbani, dada yake Gaudiosa alishika kiuno. "Tobias! Wenzako wanaleta vyembamba kama sahani, wewe umetuletea sanduku la kuku?"

Tobias aliketi mbele ya kioo. Alikiondoa kivuli polepole, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Umeme ulikatika, akaanza upya. Ukakatika tena, akasali, akaanza tena. Alipomaliza aliwaita wote. Chumba kikajaa, watu wakasimama pande zote, na Mama mdogo Edina akakosa nafasi, akabaki kule pembeni mlangoni.

Kisha Edina akavua kilemba chake.

"Shikamoo, dada," alisema.

Gaudiosa akaanza kulia, na huku analia akacheka. "Mungu ashukuriwe," alisema, akikipapasa kile kioo mgongoni. "Na hili sanduku lake."