Mjohoro wa Zamu ya Kwanza

Majuzi nilipita Mfaranyaki, nikajikuta nimesimama mtaani kwetu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Zamani miti ya mijohoro ilisimama pande zote mbili za barabara ile. Mbele ya nyumba ya bibi aliyenilea ndipo kina mama walipochambulia maharage, mihogo ya moto ikipita mkono kwa mkono, wakiwasengenya waume zao. Sikuwa na ndugu. Kelele zile ndizo zilizokuwa ndugu zangu.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kujaa soko la Majengo, bwana misitu alipita akigonga mashina. Mengi yalikuwa matupu ndani. Tawi moja lilikwisha kutoboa bati la jirani. Mpango wake ulikuwa mzuri: ukatwe mti mmoja na kupandwa mche mahali pake, uachwe unaofuata, na miche ikishakua, zamu ya pili ikatwe mikongwe iliyobaki. Kila nyumba ikamwomba aanze kwa mwenzie. Bibi yangu, mbishi yule, akasema, "Anza na wetu, ningali na nguvu za kuchota maji."

Ukakatwa. Jua likaingia hadi sebuleni, na kina mama wakahamisha nyungo zao kwa jirani. Hawakututenga, la, walifuata kivuli tu. Bibi hakuwafuata. Alikaa na mche wake ndani ya uzio wa mianzi, akiumwagilia maji ya kuoshea mchele. Nikilalamika, ananiambia, "Mche hauvutwi majani ukakua."

Niliuchukia mche ule, nakwambia kweli. Jioni moja nikaacha uzio wazi makusudi, mbuzi wa jirani akala kilele chote. Bibi akadhani ni yeye aliyesahau kufunga. "Uzee huu," alisema, akajicheka, kisha akalia kidogo. Nilinyamaza. Alifariki kabla mche haujafika kimo cha mlango.

Zamu ya pili haikufika. Mikongwe mingine iliangushwa na upepo, mingine ikawa kuni, na hakuna mwingine aliyepanda. Mtaa mzima umebaki na mjohoro wetu, na chini yake kina mama nisiowajua wanachambua maharage.

Niliwasalimu, wakaniambia, "Karibu kivulini, mgeni." Nikaketi. Mmoja akaniuliza nashangaa nini; nikamwonyesha shina lilivyogawanyika kuwa mawili, pale kwenye kimo cha mbuzi. Akasema ndivyo Mungu alivyouumba. Nikaitikia. Wa kumwambia kweli alikuwa mmoja tu, nami nilimnyamazia.