Jogoo Aliyeitwa Baba Neema

Ndugu zangu, niacheni niwaambie nilivyoaibika hapa Lyamkena. Nina jogoo mkorofi ambaye kwa siri nilimwita Baba Neema, jina la mume wangu, kwa vile wote wawili hutembea kifua mbele.

Juzi, nikiwa saluni nasukwa, nikampigia dada yangu aliyeko Njombe. "Dada, Baba Neema amenichosha. Jana kamrukia mama jirani mpaka kitenge kikamvuka! Nikuletee ukae naye, au nimvumilie?"

Dada akacheka, akasema nimlete. Saluni nzima ikanigeukia, nami, mjinga wa kutupwa, nikadhani wananionea huruma kwa habari ya jogoo.

Jumamosi wakaja akina mama watatu wa kanisani, wakamkuta mume wangu anakunywa chai. Kiongozi wao akamwambia kwa upole, "Baba Neema, tumekuja kukuombea. Mwache mama jirani."

Chai ikampalia. Nikatoka jikoni mbio. "Mama zangu, si yeye! Nilikuwa namsema jogoo!"

Wakacheka hadi machozi. Mume wangu peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Kwani huyo jogoo anaitwa nani?"