Nilivyoomba Punguzo la Tiketi ya Mzee wa Gitaa

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, wasije wengine wakausimulia vibaya: niliomba punguzo la tiketi ya muziki. Miaka yote niliyokaa Guangzhou, China, nimenunua nguo za jumla soko la Shisanhang, na pale ukitajiwa bei unataja nusu, unageuka, unaondoka polepole. Hujafika mbali muuzaji anakuita, "Pengyou, rudi!" Rafiki, yaani. Basi na mimi kwenye kaunta ya tiketi, hapa barabara ya Huanshi Zhonglu, nikataja nusu, nikageuka. Nikaondoka polepole. Nikafika kwenye ngazi za umeme. Kimya. Kesho yake niliporudi, msichana wa kaunta hakuinua hata macho. "Meiyou." Hakuna, zimekwisha.

Na ilikuwa ziara ya kuaga ya yule mzee wa gitaa.

Mmarekani huyo nilimsikia mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, Morogoro, kwenye kaseti ya mahubiri ya mama, ambayo kaka yangu aliifuta akarekodi nyimbo zake. Kila wimbo ulipokwisha, mchungaji alimalizia sentensi yake. Sauti ya yule bwana ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyelelewa kwenye kwaya. Alijitungia mwenyewe, wala hakutunga makubwa: mama anaosha vyombo, mtu amechelewa kuomba radhi. Wenzake walipiga kelele. Yeye alinong'ona, halafu akaacha kimya katikati, nawe ukajikuta umebana pumzi. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, ila nilijua ananiambia mimi. Bweni zima lilijua hivyohivyo, kila msichana kwa nafsi yake, na tuligombana.

Baadaye umaarufu ukamchosha, akajifungia kwake miaka mingi, watu wakamzika midomoni. Akarudi na mvi na gitaa moja, bendi hana. Nikampenda zaidi. Mtu asiyependa kutoka nyumbani namtambua.

Maana mimi ni mtu wa ndani. Natoka kwa ajili ya mzigo na mchele, basi. Lakini siku ya onyesho, alasiri, nikapanda metro hadi kwenye ukumbi, nikazunguka nyuma, kwenye malori ya mitambo ya muziki. Mlinzi akanipungia mkono niondoke. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na ndani alikuwa anajaribu kipaza sauti. Akaimba mstari mmoja wa ule wimbo wa vyombo, akasita, akaurudia kwa sauti ya chini zaidi, kwa kuwa kule juu hafiki tena. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu cha mzee. Mlango ukafungwa.

Nikabaki nimesimama na ndala zangu, mtu mzima, machozi yananitiririka kama nipo bwenini.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kizanzibari anayesafirisha mabuibui. Nikamsimulia yote, mstari na kikohozi. Alinisikiliza amelala, shuka imemfika shingoni, mpaka nikamaliza.

"Yaani umepanda metro kwenda kumsikiliza mwanamme wa watu anakohoa? Na mie nakohoa hapa wiki nzima, ukuta mmoja tu, hata chai ya tangawizi hujaniletea!"