Ngozi ya Kaka

Huyu mama, ambaye kazini wote humwita Daktari ingawa hajawahi kumwandikia mtu dawa, akifika asubuhi hasalimii yeyote mpaka kwanza afungue kabati la joto. Si kiburi. Humo ndani mna visahani vya plastiki, na ndani ya visahani mna seli hai, zile ziitwazo seli shina, ambazo ukizilea vyema hukubali kugeuka kuwa karibu chochote utakacho: moyo, ini, hata ubongo. Zataka kulishwa kila siku, hazijui Jumapili wala msiba. Mumewe ameshazoea. Akiulizwa mkewe yuko wapi siku ya mapumziko, husema amekwenda kunyonyesha.

Anachokitafuta ni namna ubongo unavyochakaa kabla ya wakati katika ule ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtu atikisike, ajikwae, kisha asahau. Hakuuchagua kitabuni. Baba yao alitikisika hivyo, majirani wakasema ni pombe, na marehemu wa watu hakuwa mtu wa kunywa. Akafuata kaka mkubwa, kinyozi hodari, aliyeacha kazi siku mkono uliporuka ukaondoka na nusu ya unyusi wa mteja. "Nashukuru haikuwa sikio," kaka husimulia, na watu huvunjika mbavu. Daktari mwenyewe alipimwa, akakutwa hana. Siku ile alilia kuliko walio nao.

Hapo ndipo utafiti ulipopata bahati, kama hiyo nayo ni bahati: ndugu wa baba mmoja mama mmoja, mmoja anao, mwingine hana. Alichukua kipande kidogo cha ngozi yake na cha kaka, akazirudisha seli za ngozi hizo utotoni zikawa shina, kisha akazilea mpaka zikawa seli za ubongo. Kazi ya miezi, na haina njia ya mkato. Wenzake walimstahi, maana mkono wake ni mwepesi na subira yake haina mwisho. Ukali pia anao. Kila mwanafunzi aliyepita kwake alitoka na fundisho moja: seli zikiongezeka, weka akiba kwenye friza kwanza, ndipo uendelee na mengine.

Za kwake aliziweka. Za kaka hakuziweka. Zilikua polepole, na kila zilipofika kiasi alijiambia, hizi nizisogeze mbele, akiba nitaweka zijazo. Maana kila alipokwenda kumwona kaka, alimkuta amepungua kidogo.

Asubuhi moja akafungua kabati, akakuta ukungu. Umetanda kwenye visahani kama utando juu ya uji uliopoa. Ukishaingia, hakuna cha kuokoa. Akavimwagia dawa ya kuua vijidudu kimoja kimoja, akakataa kusaidiwa.

Mwanafunzi wake akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, nitoe akiba?"

"Za kwangu toa. Za kaka hazipo."

Mwanafunzi akaenda kwenye friza, akatoa za Daktari peke yake.

Kilichobaki ni kuomba ngozi nyingine, na hilo ndilo lililokuwa zito. Mara ya kwanza mkono wa kaka uliruka kisu kikiwa ndani. Kidonda kikawa kirefu, na kaka akala kiapo kwamba hakatwi tena. Bila ngozi yake hakuna cha kulinganisha, na jasho lote lile limekwenda bure.

Alijikaza akayasema mlangoni kwa kaka, kabla hajakaa. "Kaka, seli zako zimekufa. Ni kosa langu, sikuweka akiba."

"Zote?"

"Zote."

Kaka akaitazama mikono yake ikicheza yenyewe mapajani. "Kwa hiyo nimekufa, na hakuna aliyekuja kuzika."

"Baba watoto, acha maneno hayo," mkewe akasema huku akikunja nguo.

"Na zako, mdogo wangu?"

"Ziko kwenye friza."

"Enhe! Kitinda mimba hakosi kuwekewa."

Akaomba. Kaka akakataa. "Mkono huu mliuchinja. Sitaki."

Hakumbembeleza. Alikuwa ameshashika kitasa kaka aliposema, "Hebu keti. Zilikuwa zikifanya nini kabla ya kuoza?"

Akakaa, akamweleza. Zilitoa nyuzi, zikatafutana, zikashikana. Za kwake zilishikana zikakaa; za kaka zilishikana, kisha zikaanza kuachiana. "Mwilini mwako jambo hilo lilichukua nusu ya maisha. Kwenye kisahani nililiona kwa wiki chache. Tukiliona linavyoanza, tunajaribu dawa hapo, bila kumgusa mtu."

"Itanifaa mimi?"

"Sidhani, kaka."

"Na wanangu, kama wanao?"

"Sijui. Huenda."

"Ungeniapia kwamba itawafaa, ningekufukuza. Haya. Lakini mkono utaruka tena, sina amri nao."

"Akilala hatikisiki hata kidole," mkewe akasema.

Daktari alilijua hilo kwa kusoma. Kuliona, hajaliona.

Wiki iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, kaka alilazwa kwenye kitanda cha zahanati. Safari hii wakauacha mkono; tabibu akamchoma ganzi pajani, wakasubiri usingizi. Haukuja. Kaka aliikodolea dari macho, mguu ukipiga shuka, na ganzi haikai sana.

"Wifi," Daktari akanong'ona, "nyumbani hulalaje?"

"Nikianza habari za paa linalovuja."

"Basi anza."

Wifi akavuta kiti. Akaanza na bati la upande wa jikoni, akaingia kwa fundi aliyekuja akala akaondoka, akahamia kwenye misumari.

"Jamani, hata hapa?" kaka akasema, macho yakilegea.

Mguu ukatulia kwanza, kisha mabega, kisha vidole. Ule uso uliokunjwa na kukunjuliwa mchana kutwa ukalala sawa, ukawa wa yule kaka aliyekuwa akimbeba mgongoni kumvusha mtaro. Daktari alisimama pale kama mtu aliyerudishiwa kitu kwa dakika chache tu. Tabibu akakata kipande kama punje ya dengu, akashona. Wifi hakuthubutu kunyamaza. Aliendelea na misumari.

Kaka akafumbua macho, na mkono ukaanza tena safari zake. "Mmekata?"

"Wamekata," mkewe akasema.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Ameshakimbilia kazini na chupa yenye ngozi yako. Hata hakuaga."

"Vizuri," kaka akasema, akijivutia shuka. "Sasa niambie, huyo fundi wa paa alirudi?"