Kitasa cha Ribiti

Nilijifungia mwenyewe, kwa mkono wangu, ndani ya stoo niliyokuwa nimetoka kuitia mlango.

Ilikuwa kijijini Itetemia, zama za Mwingereza, nyumbani kwa mwalimu wa dini wa Kikatoliki aliyekuwa mkulima wa karanga. Mwaka uliotangulia aliibiwa mbegu, kwa hiyo safari hii alijenga stoo ya matofali ya kuchoma, akaezeka bati, wala hakuweka dirisha. Matundu mawili tu ya hewa karibu na paa. Mimi nilikuwa seremala, nikikaa mjini, mtaa wa Mtendeni. Nilimtengenezea mlango wa mninga, nikautia kitasa kipya kutoka dukani mjini.

Siku hiyo yeye na mkewe walikuwa shambani. Nilipomaliza kazi niliingia ndani, nikavuta mlango nione kama ulimi wa kitasa unaingia sawasawa. Ukaingia. Nikashika mkono wa kitasa nifungue, ukazunguka. Nikauzungusha tena, ukazunguka wote bila kushika kitu.

Mfuko wa vifaa ulikuwa nje, barazani. Mimi nilikuwa na penseli sikioni na futi ya mbao mfukoni.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaita, na nje nikasikia kuku tu. Nikajaribu kufungua skrubu za bawaba kwa ncha ya shaba ya ile futi, ncha ikapinda. Nilikuwa nimezikaza kwa nguvu zangu zote, kama nilivyofundishwa. Nikakigeukia kitasa. Vile vya zamani, sanduku la kitasa lilishikwa na skrubu mbili laini. Ungelifungua, ukausukuma ulimi kwa kidole, ukatoka. Hiki kilipigwa ribiti pande zote, misumari ya chuma iliyopondwa vichwa isifunguke. Aliyekitengeneza hakukusudia mtu akione tena ndani.

Na ribiti zile nilikuwa nimeziona. Niliziona dukani, nikazipitisha kidole, nikasema moyoni, mbona hiki kikiharibika hakitengenezeki? Lakini kiling'aa, nami nilitaka kazi yangu ing'ae.

Bati likapata moto. Nilivua shati, nikakaa sakafuni, nikasimama, nikakaa tena. Ndipo nikakumbuka kwamba juma moja nyuma nilimtilia mama yangu kitasa kama hicho. Mama alikuwa mjane, macho yameanza kumwacha. Ilikuwa kipupwe, na asubuhi alizoea kuingiza jiko la mkaa chumbani ajipashe moto, kisha kujifungia asali sala ya dhuha bila kusumbuliwa. Kitasa kikimkatikia, hewa ya mkaa ingemmaliza. Nilianza kuupiga mlango kwa ngumi. Sikuwa napigania kutoka mimi.

Jua lilikuwa limeinama nilipomsikia mke wa mwalimu.

"Nani huko ndani?"

"Mimi, mama! Fundi! Kitasa kimekatika!"

Alimwita mumewe. Mwalimu alijaribu ufunguo, akajaribu mkono wa nje, mwisho akaleta shoka. Mninga ule ulimtoa jasho. Ubao ulipopasuka nikatoka, naye akanitazama, shoka bado mkononi.

"Fundi, nilikwambia unizuilie wezi. Wanangu huchezea humu. Angekuwa mmoja wao?"

"Kitasa ni kibovu, mwalimu."

"Kitasa nilikileta mimi?"

Nikaomba ruhusa, nikapanda baiskeli.

Nilimkuta mama uani, anachambua mchele kwa vidole. Nikakaa chini mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefanya nini mikono hiyo?"

Nikachukua bisibisi, nikaanza kukitoa kitasa chake. Alipotambua, akaja akipapasa ukuta.

"Kiache. Kinafunga vizuri."

"Ndiyo, mama. Kinafunga."

Nikaweka komeo la mti. Alinuna siku mbili.

Kesho yake nilikitoa na kile cha stoo, nikaenda dukani na vitasa vyote viwili. Mwenye duka alikigeuza kile kilichokatika, akatikisa kichwa.

"Mimi sikukiyeyusha chuma hiki, fundi. Kinakuja ndani ya sanduku, nami nakitoa."

"Usiviuze tena."

"Vile vya skrubu nilikuwa navyo. Vimekaa rafuni mpaka vikashika kutu, na wewe ulikuwa unavipita." Alisema bila ubaya. "Nimwandikie nani barua? Huko Ulaya nani ataisoma?"

Nilitaka kumgombeza. Nikaangalia rafu: vilibaki vitano, na mteja mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa tayari ameshika kimoja anakigeuza kwenye mwanga.

"Usichukue hicho, dada," nikamwambia.

"Kwa nini? Ni kizuri."

Mwenye duka akanitazama. Nikaanza kumweleza yule mwanamke habari ya stoo, tangu mwanzo, pamoja na ribiti nilizoziona nikazipuuza. Hiyo sehemu ndiyo iliyokuwa ngumu kuisema kwa sauti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakinunua.