Mitungi Mitupu Kwenye Foleni

Mimi hasira zangu ziko karibu, na wanaonijua hawanipigii simu asubuhi ya kazi bila sababu. Asubuhi ile simu ililia mpaka nikaifunika kwa mtandio. Kila aliyepiga alikuwa na neno moja tu: ukurasa haufunguki.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za hospitali moja ndogo ya hisani hapa Malindi. Mashine kubwa, ile tunayoiita seva, inakaa katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, na nafasi iliyobaki ni ya kiti changu na ndoo ya kukingia maji ya ile mashine ya kupoza hewa. Yeyote anayefungua ukurasa wa hospitali, awe Kikambala, awe Ganda, anafikia hapo. Ndani ya seva mna wahudumu. Si watu, ni vijisehemu vya programu. Kila mmoja anamshika mgeni mmoja, anamsikiliza, anamjibu, kisha anamgeukia mwingine. Wawe wangapi, naamua mimi. Nilikuwa nimeweka mia mbili, na siku zote walikuwa wakisinzia kwa kukosa kazi.

Wiki ile walikuwa wanakuja madaktari wa macho, wapasuaji, waliokubali kutufanyia kazi siku chache bila malipo. Nafasi hazikuwa nyingi. Walipokuja mara ya mwisho watu walilala nje ya lango, na wazee wakazirai juani, basi mara hii mkurugenzi wetu akaamua watu wajiandikishe kwa mtandao. Tangazo likasomwa redioni, likasomwa misikitini na makanisani: ukurasa unafunguliwa asubuhi, atakayewahi ndiye, na nafasi zikijaa zimejaa.

Mdogo wangu ameolewa Vitengeni. Mwanawe wa kwanza, mvulana mnene mwenye vidole vya kushika kila kitu, alizaliwa na ukungu mweupe katika mboni zote mbili. Mtoto wa jicho, ugonjwa wa vizee, kwa mtoto ambaye hata kukaa hajajua! Daktari alituambia bila kuzunguka: macho ya mtoto mchanga hayangoji. Yakikaa gizani mno, akili haijifunzi kuona, na hapo hata ukiuondoa huo ukungu umeshachelewa. Tangu siku ile mdogo wangu akawa hamweki mwanawe chini. Anambeba akitembea naye uani, anamwonyesha kuku, anamwonyesha mnazi, na mtoto anageuza kichwa kufuata sauti ya mama. Mimi nikimtazama nilikuwa naingia jikoni kulia, kisha natoka na kusema ni vitunguu.

Sasa fikiria. Macho ya mtoto yako katika mashine ile, mashine iko mikononi mwangu, na mashine imegoma.

Nilifungua kioo cha kuangalia hali yake. Wahudumu wote mia mbili wameshikwa. Walioandikishwa? Wa kuhesabika kwa vidole. Haikuingia akilini. Kama wahudumu wote wana kazi, mbona kazi haionekani? Nikasonya. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu ndani hapaingii watu wawili. Ni mtu wa bara, mlokole, mwema kupita kiasi, na akizungumza hata chumbani utadhani anahubiri uwanjani.

"Dada yangu, watu wanalia huko nje!"

"Nasikia, Daktari."

"Ongeza! Fungua waingie wote!"

"Naongeza, Daktari. Lakini ukinipigia kelele siongezi haraka zaidi."

Akaanza, masikini, kuomba kwa midomo tu. Nikapandisha kikomo kutoka mia mbili hadi elfu. Kila mhudumu anakula kumbukumbu ya mashine kidogo, ndivyo walivyo, na mashine yetu si ya kulisha elfu. Nilijua. Lakini mtu aliyeshikwa shingo hufanya nini? Feni zikavuma, namba kwenye kioo zikapanda, zikagota, kisha kila kitu kikatulia kimya. Seva imezima. Nikarudisha mia mbili, nikasema Bismillahi, nikaiwasha upya. Ikawaka. Kabla sijafuta jasho, wahudumu wote mia mbili wakawa wameshikwa tena, na hakuna jina jipya hata moja lililoingia.

Yarabi! Nikaipiga meza mpaka kikombe cha chai kikaanguka.

Na nitasema kila kitu, maana sioni haya. Mkurugenzi alipotoka kwenda kuwatuliza watu langoni, nilijaribu mlango wa nyuma. Majina ya wagonjwa yanakaa katika hifadhi yake, na mimi ninao ufunguo wa kuingia huko moja kwa moja bila kupitia ukurasa. Nikaandika jina la mtoto wetu. Nikabonyeza. Ikanijibu: miunganisho imejaa. Hifadhi nayo ina kikomo chake, na nafasi zote zilikuwa zimeshikwa na wale wale wahudumu mia mbili. Hata mwizi mwenye ufunguo hakupata pa kuingilia. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha kicheko kikageuka kilio, na mara hii hapakuwa na vitunguu vya kusingizia.

Hapo ndipo mdogo wangu akapiga.

"Dada, usiwe na wasiwasi," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha! "Mimi niko ndani. Tangu alfajiri niko ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwenye ukurasa. Nimekuja hapa kwenye duka la kompyuta gizagiza, nikafunguliwa ukurasa, nikauacha wazi. Nafasi yangu nimeshaishika. Sasa niko barazani namnyonyesha mwanao."

"Umeuacha wazi? Hujaandika kitu?"

"Niandike nini na zamu yangu haijafika? Sote hapa tumefungua kurasa zetu kwenye kompyuta moja, tumeacha. Wengine wamerudi shamba, watakuja baadaye."

Hapo nikaelewa. Kwa mtu asiyekulia huku, nieleze. Maji yetu ni ya kioski, na kioski hakifunguliwi mpaka mwenye ufunguo aamke. Basi alfajiri unapeleka mtungi wako, unauweka kwenye foleni, unaenda zako kuwasha jiko na kuosha watoto. Mtungi mtupu unakushikia nafasi. Hakuna anayethubutu kuuondoa. Foleni ikisogea na wewe hupo, aliye nyuma yako anausukuma wako kwa mguu kabla ya kusukuma wake, na asiyefanya hivyo atasemwa mpaka ahame mtaa. Ndivyo tulivyolelewa, Malindi, Ganda, mpaka huko Vitengeni.

Watu walikuwa wameleta mitungi yao kwenye seva yangu. Pwani nzima ilikuwa imefungua ukurasa, ikauacha wazi kwa adabu, na ikaenda kunywa chai. Na kila ukurasa ulioachwa wazi ulikuwa umemshika mhudumu mmoja, kwa sababu nilikuwa nimewaamuru wahudumu wasimwache mgeni wao haraka. Niliwawekea muda mrefu wa kungoja, kwa kuwahurumia watu wa Vitengeni ambao mtandao wao unakatikakatika. Hata nilipozima na kuwasha, kurasa zile zilijiunganisha tena zenyewe, na wahudumu wakarudi kusimama mbele ya mitungi mitupu wakisubiri wenyewe waje. Aliyekuwa tayari kuandika, mwenye karatasi mkononi, hakuwa na wa kumpokea.

Dawa yake ilikuwa moja, na nilikuwa naijua. Kufupisha muda. Atakayenyamaza sekunde chache aachwe, ukurasa umwambie aanze upya, mhudumu amgeukie mwingine. Mstari mmoja katika mipangilio, namba moja. Ila nikiubadilisha, kila mtungi unaruka nje, na wa mdogo wangu ukiwemo.

"Nisikilize," nikamwambia. "Nitawatoa nyote."

"Kututoa vipi?"

"Foleni haisogei kwa sababu yenu. Nikiifungua, kila mtu ataanza upya. Ingia ndani sasa hivi, ukae mbele ya kompyuta."

"Dada, usinitoe!" Akaanza kulia, na mtoto naye akaanza. "Mimi nimewahi! Kuna watu mbele yangu hapa walioandika majina barazani, duka lina kompyuta moja inayofanya kazi, nikitolewa naanza nyuma yao! Mtoe mwingine, mimi niache!"

"Siwezi kumwacha mmoja."

"Wewe si ndiye mwenye mashine? Dada, ni mwanao huyu!"

Nilikata simu, nikaiweka kifudifudi, na tangu nizaliwe sijapata kujichukia kama wakati ule. Nilikuwa na mtoto mmoja kichwani mwangu, mwenye jina na vidole, na nyuma yake halaiki ya watu nisiowaona. Nikabadilisha namba. Nikahifadhi. Nikawasha upya.

Lo! Sikwambii. Mitungi ikaruka nje yote kwa mpigo mmoja, na watu wakaanza kuingia. Mhudumu anamshika mtu, anaandika, anamwachia, anamshika mwingine. Wahudumu mia mbili walitosha na kubaki! Majina yakawa yanashuka kwenye kioo kwa kasi ambayo macho hayafuatishi. Mkurugenzi akarudi mbio, akainua mikono juu, "Haleluya!" mpaka wauguzi wakachungulia. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Majina yale yakishuka, nafasi zilikuwa zinakwisha mbele yangu. Ningeweza kulitafuta jina la mtoto wetu, sasa kila kitu kilikuwa wazi. Mkono ulikataa.

Chai haijapoa kwenye kikombe alicholetewa mkurugenzi, na nafasi zikajaa. Ukurasa ukaanza kuwajibu waliobaki kwa maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe juma lililotangulia, nikiona ni maneno ya heshima: Samahani, nafasi zimejaa. Tunakutakia afya njema.

Nilimpigia mdogo wangu. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea, nikapiga mpaka mkurugenzi akaniwekea mkono begani akasema, "Dada, mwachie Mungu." Nilitaka kumng'ata. Kisha simu ikalia yenyewe.

"Amepata," mdogo wangu akasema.

"Nani?"

"Mwanao. Ameandikwa. Wameniambia nimlete kesho kutwa."

Nilikaa juu ya ile ndoo, maji na yote, buibui likalowa, nikawa nacheka na kusema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na mkurugenzi naye akicheka bila kujua tunachekea nini. Mdogo wangu hakuwa akicheka.

"Umepata vipi na ulikuwa nyuma?"

"Kuna mama mmoja wa hukuhuku, ametoka shambani kwa miguu. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza barazani. Macho yake yamefunga yote mawili, ameongozwa kwa fimbo mpaka hapa. Ulipotutoa, mwenye duka akamwita aketi. Akasikia mwanao analia, akauliza ana nini, nikamwambia. Akasema, mwandikeni mtoto kwanza, mimi nishaona vya kutosha."

"Kisha?"

"Kisha wakamwandika mtoto."

"Na yeye?"

Nikasikia kuku wa Vitengeni, na pikipiki ikipita. Mdogo wangu akashusha sauti.

"Mwenye duka alipofungua wake, ikatokea ile Samahani. Mwenye duka akanitazama, nami nikamtazama. Mama mwenyewe hawezi kuisoma. Akauliza, imesemaje? Dada, nilishindwa. Nikamwambia mashine imesema asubiri kidogo. Sasa ameketi papo hapo mbele ya kompyuta, amenyoosha kanga yake, anasubiri. Mimi nifanyeje?"

Nilitazama kioo changu. Wahudumu wote walikuwa wamelala, hakuna hata mmoja aliyeshikwa. Ukurasa wake ulikuwa umenyamaza zaidi ya sekunde zile nilizoziweka, na seva ilikuwa imekwisha kumwacha. Na vifaa vya madaktari vilikuwa vimehesabiwa kimoja kimoja. Kumwingiza ni kumtoa mwingine aliyekwisha kuambiwa njoo.

"Mpe simu," nikasema.

Nikasikia simu ikipokezanwa, na pumzi ya mtu asiyezoea simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayejiweka sawa. "Ni weye mwenye mashine? Zamu yangu imefika?"